Wanahewa waliokufa wakijifunza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukipita kati ya mistari ya mawe katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, utaona mawe yaliyochongwa tai wa Jeshi la Wanahewa la Uingereza, yaani RAF. Soma umri ulioandikwa chini: 19, 21, 20, 22. Mgeni husema moja kwa moja, "Hawa walitunguliwa." Wengi wa wanahewa waliozikwa Kenya hawakutunguliwa na mtu. Mwitalia alikuwa ameshindwa Ethiopia kufikia mwisho wa 1941, na ndege za Mjerumani hazikufika huku. Kilichoendelea kuua vijana katika anga ya Kenya ni shule ya kuruka.

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa zaidi kuhusu wanahewa waliokufa mafunzoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake.

Mnaposema "waliokufa mafunzoni" mnamaanisha nani hasa?

Mwanafunzi ni mmoja tu kati yao. Yupo mwalimu aliyeketi kiti cha pili, mara nyingi mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa hai na kupelekwa kufundisha "apumzike". Yupo mwongoza njia na ramani zake, mtu wa redio, mlenga mabomu na mpiga bunduki wa mkiani. Ndege kubwa ikianguka ilichukua watano, sita au saba kwa mara moja.

Kijana wa RAF alipitia hatua kadhaa. Alianza na ndege ndogo yenye mabawa mawili juu na chini, Tiger Moth. Akifaulu alipanda Harvard ya injini moja au Oxford ya injini mbili. Kisha alipelekwa kwenye kikosi cha mafunzo ya kivita, ambako wageni waliotoka pembe tofauti za dunia waliunganishwa kuwa wahudumu wa ndege moja, wakajifunza kuruka usiku katika Wellington, Whitley au Blenheim. Waliochaguliwa kwa ndege za injini nne walikuwa na hatua nyingine tena mbele yao. Kila hatua imeacha makaburi, na yale ya hatua za mwisho ndiyo mengi zaidi, kwa kuwa ndege zilikuwa nzito, safari ndefu na anga giza.

Walikuwa wangapi?

Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573. Zaidi ya 8,000 kati yao walikufa katika ajali ambazo adui hakuwa na mkono ndani yake, nyingi zikiwa za mafunzo. Hiyo ni kamandi moja ya jeshi moja. Kanada, iliyobeba mzigo mkubwa wa mpango wa pamoja wa mafunzo wa Jumuiya ya Madola uliotiwa saini Desemba 1939, ilihitimisha wanahewa 131,553, na wanafunzi 856 walikufa kabla ya kuhitimu. Marekani ilipoteza wanahewa karibu 15,000 katika ajali zilizotokea ndani ya Marekani kwenyewe, wengi wao bado wakiwa mafunzoni au wakijiandaa kupelekwa ng'ambo. Ukiwapanga watu 15,000 katika safu moja, kila mmoja nusu mita kutoka kwa mwenzake, safu itafika kilomita saba na nusu.

Kwa nini mafunzo yaliua watu wengi hivyo? Ndege zilikuwa mbovu?

Nyingine zilikuwa zimechoka. Ndege mpya zilikwenda vitani, na zilizokwisha kutumika, zikapigwa, zikakarabatiwa, ndizo zilizopewa wanafunzi. Wellington iliyobeba wanafunzi mwaka 1943 huenda ilikuwa imeruka juu ya Ujerumani mara nyingi kabla ya hapo. Injini ikizimika wakati wa kuruka, rubani mwenye saa chache angani alikuwa na sekunde chache za kufanya mambo manne kwa mpangilio sahihi.

Lakini kumlaumu fundi peke yake ni kukosea. Tatizo kubwa lilikuwa kujua uko wapi. Mwongoza njia wa wakati ule hakuwa na setilaiti. Alikuwa na dira, saa, mwendo wa ndege na makadirio ya upepo, na kwa hivyo vinne alichora mstari kwenye ramani. Kama upepo wa kweli ulizidi makadirio yake kwa kilomita 40 kwa saa, basi baada ya saa moja alikuwa kilomita 40 mbali na alikodhani yuko, na hakuna chochote ndani ya ndege kilichomwambia. Miji chini ilikuwa imezimwa taa kwa hofu ya mabomu. Mawingu yalifunika ardhi.

Hapo ndipo lilipokuja kosa lililoua watu wote wa ndege kwa mara moja: rubani aliamua kushuka chini ya wingu ili aone ardhi na kujua yuko wapi. Akiwa juu ya bahari au tambarare, alipona. Akiwa juu ya milima ya Wales, Uskoti au kaskazini mwa Uingereza, kitu cha kwanza alichokiona chini ya wingu kilikuwa jiwe, na hakuwa na muda wa kukiona mara ya pili. Nenda leo kwenye milima hiyo na utakuta mabaki ya alumini kwenye miteremko, mengine yakiwa mita chache tu chini ya kilele. Mita chache. Mtu akishajua hilo hawezi kuyatazama mabaki yale kama vyuma chakavu.

Kuna na mwili wenyewe kukudanganya. Ndani ya wingu, sikio la ndani linamwambia rubani kwamba ananyooka huku ndege ikigeuka na kushuka. Tiba yake ni kuamini vipimo kuliko mwili, na imani hiyo haiji kwa siku moja. Ongeza ndege nyingi kurukia kiwanja kimoja usiku, mazoezi ya kuruka kwa karibu ambapo bawa la mmoja hugusa mkia wa mwingine, na barafu inayojenga juu ya mabawa hadi ndege haiwezi tena kujibeba.

Halafu kuna haraka. Vita vilikula watu, na waliokufa walipaswa kujazwa nafasi. Haraka hiyo ndiyo naiona kuwa chanzo cha vyote vilivyotajwa juu: hali ya hewa ambayo wakati wa amani ingewaweka wanafunzi chini, wakati wa vita haikuwazuia.

Hii inatuhusu nini sisi Afrika Mashariki?

Inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza ilihitaji anga mbali na adui, na Afrika ilikuwa nayo. Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilifungua shule yake ya kwanza Belvedere, Salisbury, Mei 1940, na hadi mwisho wa vita ilikuwa imetoa marubani wapatao 7,600 na waongoza njia 2,300 hivi. Ndiyo maana vijana wa Uingereza ambao hawakuwahi kuona vita wamelala Harare, Bulawayo na Gweru.

Kenya ilipewa kazi ya hatua ya mwisho. Kikosi cha mafunzo ya kivita namba 70 kilihamishwa kutoka Misri hadi Nakuru mwaka 1941, na namba 72, kilichoanzia Sudan, kikaja Nanyuki. Vilifundisha vikosi vya ndege nyepesi za mabomu, hasa Blenheim zenye injini mbili, kwa ajili ya vita vya jangwani Misri na Libya. Kijana alimaliza mafunzo chini ya Mlima Kenya, akapanda kaskazini kwenda kupigana mchangani.

Sasa fikiria mahali penyewe. Nakuru na Nanyuki ziko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 17. Injini inavuta pumzi haba, bawa linabeba kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ndipo iinuke. Mchana wa jua kali hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa joto nalo huipunguza hewa uzito. Blenheim iliyopoteza injini moja wakati wa kuruka pale haikuwa na nafasi ambayo ingekuwa nayo katika kiwanja cha pwani. Ukizunguka Nakuru una ukingo wa Menengai upande mmoja na Mau upande mwingine. Ukizunguka Nanyuki una Aberdare inayofika mita 4,001 na Mlima Kenya wenye mita 5,199, ambao kila mkazi wa huko anajua unavyojificha ndani ya wingu kabla ya saa tano asubuhi. Wakulima wa Nyandarua na Laikipia hawahitaji kuelezwa jinsi ukungu unavyoteremka kwa ghafla. Mgeni wa miaka 20 aliyetoka Yorkshire alihitaji kuelezwa, na hapakuwa na muda mwingi wa kumweleza.

Kiwanja cha Nanyuki hakikufa na vita. Ndicho kilichokuja kuwa kambi ya wanahewa ya Laikipia, na ile ya Eastleigh, Nairobi, ikawa Kambi ya Moi. Rubani wa Kenya anayeruka leo kutoka Laikipia anatumia anga ileile.

Wamezikwa wapi nchini Kenya?

Makaburi makubwa ni ya Barabara ya Ngong, Nairobi, yaliyofunguliwa 1941 na kuwa na zaidi ya watu 1,900 wa vita vile. Mengine yako Nakuru, Nanyuki na Gilgil. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917. Huingii kwa kiingilio, na hakuna anayekuuliza wewe ni jamaa ya nani.

Je, kufa mafunzoni kunahesabiwa sawa na kufa vitani?

Kwenye jiwe, ndiyo. Tume hiyo huhesabu kila mwanajeshi aliyefariki akiwa kazini kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, kwa sababu yoyote ile, iwe risasi, malaria au injini iliyozimika. Jiwe ni la ukubwa uleule na kaburi linatunzwa vilevile. Kitabu cha kumbukumbu cha Kanada kilichowekwa bungeni Ottawa, ambacho ukurasa wake hufunguliwa mmoja kila siku, kimewachanganya wote. Kwa mtu anayesoma kuta za majina za kituo cha kumbukumbu cha Lincoln kilichofunguliwa 2018, zenye majina zaidi ya 57,000, hakuna alama ya kumtenga aliyekufa Berlin na aliyekufa akijifunza kutua.

Nje ya jiwe mambo hayakuwa hivyo. Simu za maandishi zilizopelekwa nyumbani zilitofautisha: huyu "ameuawa vitani", yule "amefariki akiwa kazini" au "katika ajali ya ndege". Nyota za nishani za kampeni zilikwenda kwa waliofika kwenye vikosi vya mapigano, na aliyekufa kabla ya hapo mara nyingi alibaki na nishani za utumishi wa jumla. Mama aliyepoteza mtoto alijikuta akijibu swali la jirani, "Alifia wapi?", na jibu lake likaonekana fupi. Wazazi wengi waliacha kulizungumza.

Mimi naliona jambo hili hivi. Kijana yule alijitolea. Katika RAF wote waliopewa kazi ya kuruka walijitolea, hakuna aliyelazimishwa kupanda. Alijua wenzake wanakufa, kwani alilala jirani na vitanda vilivyobaki vitupu kambini. Kesho yake alipanda tena. Hata mstari kati ya mafunzo na vita wakati mwingine ulifutwa kabisa: usiku wa 30 Mei 1942, ndege zaidi ya 1,000 zilipopelekwa kuipiga Cologne, idadi hiyo ilipatikana kwa kuchukua mamia ya ndege za vikosi vya mafunzo, pamoja na waalimu na wanafunzi wake. Aliyeanguka usiku ule aliandikwa ameuawa vitani. Aliyeanguka wiki moja kabla, katika ndege ya aina ileile, aliandikwa ajali. Sioni tofauti kati yao isipokuwa tarehe.

Kuna kisa kimoja kinachoweza kunionyesha jambo hili lilivyokuwa?

Viko vingi. Ninachokirudia zaidi ni kile cha mlima Ben More Assynt, kaskazini mwa Uskoti.

Tarehe 13 Aprili 1941 ndege ya Anson iliruka kutoka Kinloss na watu sita kwa zoezi la kuongoza njia. Rubani wake alitoka Afrika Kusini na tayari alikuwa na nishani ya ushujaa, si mwanafunzi wa jana. Walikutana na dhoruba ya theluji. Hawakurudi. Ilipita zaidi ya mwezi, hadi mchungaji wa kondoo alipowakuta mlimani mwishoni mwa Mei.

Mahali pale palikuwa mbali mno na pagumu mno kuwateremsha. Wakazikwa palepale walipokufa, na mawe yakarundikwa juu yao. Kwa miaka zaidi ya 70 walikuwa na rundo hilo la mawe mlimani, na majina yao yakawekwa kwenye makaburi ya kanisa la bondeni. Rundo lilichakaa. Mwaka 2013 helikopta ya Chinook ya RAF ilibeba jiwe la matale lenye uzito wa kilo 600 hivi na kuliteremsha mahali pale, na majina sita yakakaa walipo wenyewe. Ni kaburi la pekee la aina yake chini ya uangalizi wa tume nchini Uingereza: kufika kwake unatembea kwa miguu, saa nyingi, kwenye ardhi ya matope na mawe.

Wazo la kubeba kilo 600 hadi mlimani kwa watu sita waliokufa zaidi ya miaka 70 kabla limenigusa kuliko sherehe yoyote ya mabendera.

Je, vifo hivi viliokoa mtu yeyote baadaye?

Ndiyo. Huko Llandwrog, Wales, daktari wa RAF aitwaye George Graham alichoka kuona vikosi vya uokoaji visivyojua mlima vikifika kwa majeruhi waliokwisha kufa kwa baridi. Aliwafunza watu kupanda, akawatafutia vifaa na redio, na mwaka 1943 huduma ya uokoaji milimani ya RAF ikatambuliwa rasmi. Ipo hadi leo, na imewaokoa raia wengi kuliko wanahewa.

Wanawake walikuwemo?

Walikuwemo. Marekani iliwafunza wanawake wa kikosi cha WASP kuhamisha ndege, kuvuta shabaha za mazoezi na kufundisha. Walihitimu 1,074, na 38 walikufa, 11 kati yao wakiwa bado mafunzoni. Kwa kuwa sheria iliwahesabu kuwa raia, jeshi halikulipia kuwarudisha nyumbani wala jeneza halikustahili bendera. Wenzao walichangishana. Cornelia Fort, aliyekuwa angani Hawaii akimfundisha mwanafunzi asubuhi ya shambulio la Pearl Harbor, alikufa Texas Machi 1943 ndege nyingine ilipomgonga akihamisha ndege. Hadhi ya askari walipewa 1977, miaka 33 baada ya kikosi kuvunjwa. Hili la bendera linanikasirisha mpaka leo.

Na wale ambao miili haikupatikana?

Waliopotea baharini wakijifunza wana majina bila makaburi. Kwa waliopotea wakitokea Uingereza, majina yako Runnymede, karibu na mto Thames, kwenye mnara uliozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili Oktoba 1953 ukiwa na majina zaidi ya 20,000. Kwa waliopotea Kanada na Marekani, uko mnara wa Ottawa. Kwa waliopotea Afrika Mashariki, Sudan na Ethiopia, watu huenda kutafuta Nairobi na kurudi mikono mitupu; majina ya wanahewa hao yako Misri, kwenye mnara wa Alamein, pamoja na ya waliofia jangwani. Andika hilo mahali, litakuokoa safari.

Kuna kisa cha Rhodesia ambacho hakikuisha vizuri kwa mtu yeyote. Oktoba 1943 Oxford ya mafunzo iliyotoka Kumalo, Bulawayo, ilitua katika nyika ya Bechuanaland, Botswana ya leo, ikiwa nzima. Vijana wawili waliokuwa ndani hawakuonekana tena. Watu wa jamii ya Wasan waliokuwa wakiwinda eneo lile walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande mbali na kwao, na mwaka 1944 mahakama ikawaachilia kwa kukosa ushahidi. Familia mbili za Uingereza hazikupata mwili wala jibu. Familia za Wasan zilikaa miezi bila watu waliowategemea kwa tuhuma isiyothibitika. Ukikumbuka kisa hiki, wakumbuke wote.

Mbona mnazungumzia Wazungu tu? Waafrika wako wapi?

Ni swali la haki, na tunalipokea kila mara. Marubani waliofunzwa Nakuru, Nanyuki na Rhodesia walikuwa karibu wote Wazungu, kwa sababu milango ya kuruka ilifungwa kwa Mwafrika wa makoloni hayo. Lakini viwanja havikujijenga. Mikono iliyokata msitu, kusawazisha ardhi, kulinda ndege usiku na kukimbilia moshi ndege ilipoanguka ilikuwa ya Waafrika. Rhodesia ilikuwa na kikosi kizima cha askari weusi wa kulinda viwanja vya mafunzo. Waliofika kwanza kwenye ajali ya shambani au msituni aghalabu walikuwa wenyeji, na hao ndio waliowatoa majeruhi.

Na tusizunguke: tume yenyewe ilikiri Aprili 2021 kwamba baada ya Vita vya Kwanza watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa vita ile, yaani Carrier Corps, walioachia jina lao mitaa yetu ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, ni sehemu ya deni hilo. Kumtunza kijana wa Yorkshire aliyelala Nakuru hakupunguzi deni la mpagazi. Mzee wa kijiji chako anayekumbuka ndege iliyoanguka, nani alikwenda, nani alichimba, ni shahidi ambaye hakuna karatasi ya London iliyomwandika. Keti naye, na urekodi kwa simu yako akiridhia.

Nina jina moja tu. Nianzie wapi?

Anza na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita kwenye intaneti. Inatafutika bure kwa jina, na itakupa cheo, tarehe, kikosi na mahali pa kaburi. Kikiwa kikosi cha mafunzo, tarehe ndiyo ufunguo wa mengine. Daftari za kila siku za vikosi vya mafunzo ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika mfululizo wa AIR 29, na majalada ya vifo yanafunguliwa kidogo kidogo katika AIR 81. Kadi za ajali, ziitwazo Fomu 1180, ziko kwenye makumbusho ya RAF, Hendon. Kadi hiyo ndogo mara nyingi hutaja chanzo cha ajali kwa sentensi moja. Majalada ya Wakanada waliokufa yamewekwa kwenye mtandao, ya Waaustralia yako Nyaraka za Taifa zao, na ripoti za ajali za Wamarekani ziko kambi ya Maxwell, Alabama.

Tahadhari moja ya moyoni. Kadi za ajali hupenda kuandika "kosa la rubani". Usilipeleke neno hilo kwa familia kama lilivyo. Aliyeliandika aliketi mezani, aliyehukumiwa hakuweza kujibu, na kumtuma mtu wa saa chache angani ndani ya wingu la usiku si uamuzi wa rubani.

Nikikuta mabaki ya ndege, naweza kuchukua kipande?

Uingereza, hapana. Sheria ya 1986 inalinda kila mahali ndege ya kijeshi ilipoanguka, na kuchimba bila kibali cha wizara ya ulinzi ni kosa. Kenya au kwingineko, hata sheria isipokufikia, usichukue. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa makumbusho ya taifa. Chini ya chuma huenda bado kuna mtu. Risasi na mabomu ya mazoezi ya miaka 80 pia hulipuka.

Na ile Flight 19 ya Pembetatu ya Bermuda?

Ilikuwa safari ya mafunzo: ndege tano za jeshi la majini la Marekani, watu 14, tarehe 5 Desemba 1945, miezi michache baada ya vita kwisha. Kiongozi aliamini dira zake zimeharibika na hakujua tena yuko juu ya visiwa vipi. Usiku na mafuta vikawakuta baharini. Ndege iliyowafuata kuwatafuta ikapotea na watu 13. Hakuna jini wala pembetatu. Ni kosa lilelile la kutojua uko wapi, lililoua wengine wengi ambao hakuna aliyewatungia hekaya.

Nataka kwenda makaburini na wanafunzi wangu. Tufanye nini?

Waarifu watunzaji mapema mkiwa wengi. Nendeni asubuhi. Msipange hotuba ndefu. Mpe kila mwanafunzi jiwe moja la mwanahewa na daftari, na umwambie anakili kila kilichoandikwa, pamoja na mstari wa chini kabisa, ambao familia iliruhusiwa kuchagua. Mistari hiyo haikuandikwa na jeshi. Mingine ni aya za Biblia, mingine ni jina la utani la nyumbani.

Kisha msimame pamoja na kila mmoja asome jina na umri kwa sauti. Majina ya Kiwelisi au Kipolandi yatawashinda kutamka; wasome tu, polepole. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana miaka 17 au 18. Atakapofika kwenye jiwe la aliyekufa akiwa na 19, mwache anyamaze muda anaoutaka kabla hujamwita anayefuata.